Tkinter na kisanduku cha maandishi: kusoma ni rahisi, kuamini ndiko kugumu

Anayeandika programu ya dirisha kwa Python kwa mara ya kwanza huangukia Tkinter, maktaba ya kuundia madirisha, na sababu haifichiki: imo ndani ya Python yenyewe, haidai leseni wala haimalizi bando. Hapa tunaipima kwa jambo moja tu, lile ambalo programu nyingi za dukani na ofisini huishi kwalo: kupokea alichoandika mtumiaji kwenye kisanduku na kukifikisha salama kwenye hesabu au hifadhidata. Rangi na urembo tumeviacha kando. Tunazungumzia Python 3 ikiwa na Tk (injini ya madirisha iliyo chini ya Tkinter) ya 8.6, toleo lililotoka mwishoni mwa 2012 na ambalo bado liko kwenye kompyuta nyingi.

Uamuzi wetu tuutoe mapema. Kusoma maandishi kwa Tkinter ni mstari mmoja. Kuyaamini maandishi hayo ni kazi yako peke yako, na Tkinter haikushiki mkono kama ambavyo mtu angetarajia kwa kifaa cha umri huu.

Umri huo unaeleza mengi. Tk ilibuniwa na John Ousterhout huko Berkeley, Marekani, kwa ajili ya lugha yake ya Tcl, na Tkinter ni daraja tu kati ya Python na Tk hiyo. Ndiyo maana makosa yake hujitambulisha kwa jina la `TclError`, na ndiyo maana kila kitu kinachotoka kwenye kisanduku ni maandishi, hata kama mtumiaji ameandika 45. Hakuna kisanduku cha namba. Kuna kisanduku cha maandishi ambacho leo kimebahatika kuwa na tarakimu.

Umbo la msingi ni hili:

```
import tkinter as tk
from tkinter import ttk

dirisha = tk.Tk()
jina = ttk.Entry(dirisha, width=30)
jina.pack(padx=10, pady=10)

def hifadhi(tukio=None):
    maandishi = jina.get().strip()
    print(maandishi)

ttk.Button(dirisha, text="Hifadhi", command=hifadhi).pack()
jina.bind("<Return>", hifadhi)
jina.bind("<KP_Enter>", hifadhi)
jina.focus_set()
dirisha.mainloop()
```

Mistari michache hii ina mitego minne iliyokwisha kukwepwa, na kila mmoja unastahili neno.

Wa kwanza ni `pack()` kuwekwa kwenye mstari wake. Ukiandika `jina = ttk.Entry(dirisha).pack()`, dirisha litatokea, kisanduku kitaonekana, mtumiaji ataandika vizuri, kisha akibonyeza Hifadhi utapata `'NoneType' object has no attribute 'get'`. Kilichohifadhiwa kwenye `jina` si kisanduku bali jibu la `pack()`, ambalo ni `None`. Kosa hili huwasumbua wanafunzi kwa sababu macho yanaona kisanduku kipo.

Wa pili ni wakati wa kuita `get()`. Waliozoea `input()` hudhani programu itasimama ingoje jibu. Haisimami. Ukiita `jina.get()` mara tu baada ya kuunda kisanduku, kabla ya `mainloop()`, unapata maandishi matupu, kwa kuwa hakuna mtu aliyepata hata nafasi ya kugusa kibodi. Kusoma lazima kuwe ndani ya funksheni inayoitwa na tukio: kitufe, Enter, au kuondoka kwenye kisanduku. Na wala usijaribu kungoja kwa `while`. Dirisha litaganda kama barafu.

Wa tatu ni mabano. `command=hifadhi` humkabidhi kitufe funksheni; `command=hifadhi()` huiita papo hapo, mara moja, kabla dirisha halijafunguka, na kitufe kinabaki hakina kazi.

Wa nne ni ule `tukio=None`. Kitufe huita funksheni bila kuipa kitu, lakini `bind` huipa tukio. Bila nafasi hiyo, kitufe kitafanya kazi na Enter italeta `TypeError`. Na tumefunga Enter mbili kwa makusudi: kwenye Linux, Enter ya upande wa namba ina jina lake, `KP_Enter`, na keshia anayeingiza bei kwa mkono wa kulia hatumii nyingine.

Entry mbili, jina moja

Tkinter ina `tk.Entry` ya zamani na `ttk.Entry` iliyoingia rasmi kwenye Python 3.1. Mafunzo mengi huwasilisha ya pili kama ile ile iliyovalishwa nguo mpya. Si kweli. Kwa kupokea maandishi, tofauti zao ni za tabia, na karibu zote zinaipa `ttk` ushindi.

Chukua kubandika. Kwenye Linux, ukichagua maandishi yote ndani ya `tk.Entry` kisha ukabandika mengine, ya zamani hayafutiki. Mapya yanaingizwa pembeni yake. Mtumiaji anayebandika namba mpya ya simu juu ya ya zamani anajikuta na tarakimu ishirini. `ttk.Entry` hufuta kilichochaguliwa kwanza, kama watu wanavyotarajia.

Chukua ukaguzi, yaani funksheni yako inayokubali au kukataa kinachoandikwa. `tk.Entry` ikigundua kuwa funksheni yako ya ukaguzi imebadilisha maandishi ya kisanduku, huuzima ukaguzi wote kimyakimya kwa kuweka `validate` kuwa `none`. Kuanzia hapo mtumiaji anaandika apendavyo nawe huna habari. `ttk.Entry` huuzima pale tu funksheni inapotoa hitilafu au inaporudisha kitu kisicho kweli wala uongo. Hiyo ya mwisho hutokea mara nyingi kuliko inavyodhaniwa: funksheni yenye `if` iliyosahau `return` upande mmoja hurudisha `None`, na ukaguzi unakufa kwa wote wawili.

`ttk` ina usumbufu wake. Haikubali `bg`, ukiiandika unapewa `unknown option "-bg"`, na rangi inabidi zipitie `ttk.Style`. Kwa fomu ya kazi hilo ni deni dogo.

Vitu ambavyo zote mbili hazina, na ambavyo mtumiaji wa leo anavidhani ni haki yake: hakuna kutengua kwa Ctrl+Z, hakuna menyu ya kubofya kulia yenye Nakili na Bandika, na kwenye Linux Ctrl+A humpeleka mwanzo wa mstari badala ya kuchagua yote. Maandishi ya kijivu ya kuongoza, yale yanayosema "mfano 0712…" na kutoweka ukianza kuandika, yalikuja na Tk 9.0 mwaka 2024. Wenye 8.6 huyaigiza kwa kuyaingiza kama maandishi halisi na kuyafuta kisanduku kikipata kishale cha kuandikia. Hatushauri. Siku moja `get()` itasoma hayo maandishi ya mfano na kuyahifadhi kama jina la mteja. Weka mfano kwenye lebo iliyo chini ya kisanduku, mambo yaishe.

Upana wa kisanduku pia hudanganya. `width=10` ni ukubwa wa kuonekana tu; haizuii mtu kuandika herufi mia tano. Kikomo cha urefu kinatoka kwenye ukaguzi.

Ukaguzi wa kila herufi

Utaratibu wenyewe unaonekana wa ajabu kwa sababu umetoka Tcl moja kwa moja. Funksheni lazima isajiliwe, kisha utaje kwa alama za asilimia unachotaka kupewa. `%P` ni maandishi yatakavyokuwa iwapo badiliko litakubaliwa. `%S` ni kipande kinachoingia au kutoka. `%d` ni 1 kwa kuingiza na 0 kwa kufuta. Kwa kazi nyingi `%P` inatosha, na ndiyo pekee inayofaa kumpa anayeanza.

```
def ruhusu(P):
    return P == "" or (P.isascii() and P.isdigit() and len(P) <= 3)

kanuni = (dirisha.register(ruhusu), "%P")
umri = ttk.Entry(dirisha, validate="key", validatecommand=kanuni)
```

Ile `P == ""` usiisahau. Bila hiyo mtumiaji hawezi kufuta tarakimu ya mwisho. Anabonyeza Backspace na kisanduku kinamkatalia. Na `isascii()` haipo kwa mapambo: `"²".isdigit()` ni kweli, lakini `int("²")` ni `ValueError`.

Kosa kubwa zaidi hapa ni kukagua kiwango cha chini kwa kila herufi. Ukisema umri uwe kati ya 18 na 60 na kuuweka ukaguzi huo kwenye `key`, hakuna atakayeweza kuandika 25, kwa sababu ili kufika 25 lazima apitie 2, na 2 ni chini ya 18. Kwa kila herufi, kagua kile tu ambacho hakiwezi kamwe kuwa sahihi: herufi badala ya tarakimu, urefu uliopitiliza. Masharti ya thamani nzima yangoje hadi mtu amalize.

Lakini amemaliza lini? `focusout`, yaani kukagua mtu anapoondoka kwenye kisanduku, inaonekana jibu zuri mpaka ukumbuke kwamba kubofya `tk.Button` kwa kipanya hakuhamishi kishale kutoka kwenye kisanduku. Mtu anaandika umri, anabofya Hifadhi, na ukaguzi wa kuondoka haujaitwa kamwe. Kwa hiyo mlango wa mwisho uwe ndani ya `hifadhi` yenyewe, hata kama umeweka walinzi wengine njiani. Ukilazimika kuchagua ngazi moja tu ya ukaguzi, chagua hiyo.

Kuna wanaofuatilia maandishi kwa `bind("<Key>", …)` na kushangaa kuwa `get()` iko nyuma kwa herufi moja. Sababu ni mpangilio: `bind` yako kwenye wijeti (yaani kisanduku chenyewe) huitwa kabla ya ile ya aina nzima ya Entry, na hiyo ya pili ndiyo inayoingiza herufi. `<KeyRelease>` hurekebisha hilo lakini haioni kubandika kwa kipanya. Njia isiyokosa ni kigeu (variable) kilichounganishwa na kisanduku, hapa ndani ya darasa (class) la dirisha lako:

```
self.tafuta = tk.StringVar()
ttk.Entry(self, textvariable=self.tafuta)
self.tafuta.trace_add("write", self.chuja)
```

`trace_add` ipo tangu Python 3.6 na huipa funksheni vitu vitatu, kwa hiyo `def chuja(self, *_)`. Ile `self.` ni ya lazima. `StringVar` iliyoundwa ndani ya funksheni bila kushikiliwa mahali hutupwa Python inapofagia kumbukumbu, na ufuatiliaji hufa nayo. Kisanduku kinabaki kwenye kioo, hakisemi kitu.

Jambo jingine la `StringVar`: ukifungua dirisha la pili kwa `tk.Tk()` tena badala ya `tk.Toplevel()`, kigeu kisichotajiwa mwenyewe hujifunga kwenye dirisha la kwanza, na kisanduku cha dirisha la pili hurudisha maandishi matupu milele. Programu moja, `Tk()` moja.

Namba, na hapa ndipo pesa hupotea

Tkinter ina `IntVar` na `DoubleVar`, na zinavutia: unaunganisha na kisanduku, unaita `get()`, unapata namba. Kwa visanduku vya kuandikwa kwa mkono, ziache. Kisanduku kikiwa kitupu, `IntVar.get()` haikupi sifuri. Inatoa `TclError` yenye ujumbe wa namba ya desimali hata kama ulitaka namba nzima. Na mtu akiandika 3.7, `IntVar` haimkatalii: inakata na kukupa 3 bila neno. Kwenye stoo ya unga hizo ni gramu mia saba zilizoyeyuka.

`int()` na `float()` za Python ni kali kidogo, ila nazo zina ukarimu usioutaka. `float("nan")` na `float("inf")` hupita. `float("1_000")` pia hupita. Kinachokataliwa ni kile ambacho watu wetu huandika kweli: 15,000 na 15,000/=. Kwa kiasi cha fedha tunapendekeza kupokea maandishi, kuyasafisha, kisha `Decimal`:

```
from decimal import Decimal, InvalidOperation

def soma_kiasi(s):
    s = s.strip().removesuffix("/=").strip().replace(",", "")
    try:
        k = Decimal(s)
    except InvalidOperation:
        return None
    return k if k.is_finite() and k >= 0 else None
```

`removesuffix` inahitaji Python 3.9. Na angalia sana ile `replace(",", "")`. Dar es Salaam na Nairobi mkato hutenganisha maelfu, kwa hiyo kuufuta ni sawa. Bujumbura, Goma au Lubumbashi, kwa aliyesoma hesabu kwa Kifaransa, mkato ndio nukta ya desimali: anaandika 2,5 akimaanisha mbili na nusu, na msimbo huu utasoma 25. Kama programu itavuka mpaka, usifute mkato ovyo. Kubali tu mkato unaofuatwa na tarakimu tatu kamili, na mengine yote yakatae kwa ujumbe unaoeleweka.

Namba ya simu si namba. `int("0712345678")` hurudisha 712345678; sifuri ya mbele imekwenda na haitarudi. Iache iwe maandishi, ondoa nafasi na vistari, ukague kuwa kilichobaki ni tarakimu, pengine na alama ya kujumlisha mbele. Hali kadhalika kitambulisho, namba ya mlipakodi na namba ya akaunti: kitu usichokijumlisha wala kukigawanya hakina haja ya kuwa `int`.

Kwa tarehe, `datetime.strptime(s, "%d/%m/%Y")` hukataa 31/02 yenyewe, na hilo linatosha kwa kuwa Tkinter haina kalenda. Kwa saa, lebo iseme wazi ni saa gani. Kisanduku kilichoandikwa "Saa" na mtu akaandika 2:00 hakijakwambia kama ni saa mbili asubuhi, yaani 08:00, au saa nane usiku. Hapa `ttk.Combobox` yenye `state="readonly"` na orodha ya saa zenye maelezo hushinda kisanduku chochote. Kwa hakika popote majibu yanapojulikana mapema, mkoa, kipimo, njia ya malipo, usimpe mtu kisanduku cha kuandika kabisa.

Majina yenye ng'

Ukaguzi wa jina kwa `isalpha()` unapatikana kwenye mafunzo mengi ya Kiingereza, na ukiuleta huku unamkataa kila mwenye ng' kwenye jina lake, kwa kuwa ritifaa si herufi. Unamkataa pia mwenye majina mawili, kwa kuwa nafasi nayo si herufi. Kagua tu kwamba si tupu baada ya `strip()` na kwamba halina tarakimu.

Ritifaa hiyo hiyo huvunja hifadhidata ya aliyeunganisha maandishi kwa mkono. `"INSERT INTO wateja VALUES ('" + jina.get() + "')"` itakwenda salama miezi mitatu, mpaka aje mteja mwenye ng'. Tumia alama ya kuuliza:

```
hifadhidata.execute("INSERT INTO wateja(jina) VALUES (?)", (maandishi,))
```

Faida ya pili ya njia hiyo ni kuzuia mtu mwenye nia mbaya asiandike amri za SQL ndani ya kisanduku cha jina, lakini mwenye ng' atakufikia kabla ya mwizi.

Bado kuna ritifaa za aina mbili. Ile ya kibodi ni ' na ile inayobandikwa kutoka Word ni ’. Kwa jicho ni jina moja, kwa kompyuta ni majina mawili, na utafutaji unarudi mikono mitupu. `maandishi.replace("’", "'")` wakati wa kuhifadhi na wakati wa kutafuta. Anayebandika kutoka Excel naye huleta mkia wa mstari mpya, ambao kisanduku cha mstari mmoja huupokea bila kinyongo, `" ".join(maandishi.split())` huondoa huo pamoja na nafasi mbilimbili zilizopenya katikati.

Maelezo marefu na nywila

Maandishi ya mistari mingi yana wijeti yake, `tk.Text`, na utaratibu wake wa kusoma haufanani na wa Entry. Hapa `get()` hudai mahali pa kuanzia na pa kuishia: `maoni.get("1.0", "end-1c")`. Mistari huhesabiwa kuanzia 1 na herufi kuanzia 0, na `1.0` imo ndani ya alama za nukuu. Ile `-1c` hukata mstari mpya ambao Text huubandika mwishoni daima. Bila hiyo, kisanduku kitupu kitaonekana kina kitu. Text ina `undo=True`, jambo jema, ila Tab ndani yake huingiza nafasi badala ya kuhamia kisanduku kinachofuata. Mpangilio wa Tab kwenye visanduku vingine hufuata mpangilio wa kuviunda, hivyo viunde kwa mfuatano wa fomu.

Nywila ni `show="*"`. `get()` hurudisha herufi halisi, na anayenakili kutoka kwenye kisanduku hicho anapata nyota. Hapo Tkinter imefanya vizuri.

Kitufe kilichokufa

Lawama kubwa kuliko zote tumeihifadhia hili. Hitilafu ikitokea ndani ya funksheni ya kitufe, Tkinter huiandika kwenye terminali na kuendelea kama hakuna lililotokea. Kwako wewe mwandishi ni sawa, unaiona. Kwa mtumiaji aliyefungua faili ya `.pyw`, au programu iliyofungwa kwa PyInstaller (zana ya kugeuza msimbo wa Python kuwa programu ya kufungua moja kwa moja) ikiwa na `--windowed`, hakuna terminali. Ameandika elfu kumi na tano kwa mkato, `float` imegoma, na anachokiona ni kitufe kisichojibu. Atabonyeza mara sita kisha atapiga simu. Dawa ni mistari michache ambayo ingepaswa kuwa ndani ya kila programu ya Tkinter inayokwenda kwa mtu mwingine:

```
from tkinter import messagebox

def onyesha_kosa(aina, kosa, njia):
    messagebox.showerror("Kuna tatizo", str(kosa))

dirisha.report_callback_exception = onyesha_kosa
```

Hiyo ni kwa yasiyotarajiwa. Kwa yanayotarajiwa, andika ujumbe wa kibinadamu kwenye lebo iliyo karibu na kisanduku chenyewe, rudisha kishale hapo kwa `focus_set()`, na kamwe usimfutie mtu alichoandika. Kusahihisha tarakimu moja ni kazi ndogo. Kuandika upya fomu nzima ni adhabu.

Ikilinganishwa na Qt na Swing

`QLineEdit`, kisanduku cha maktaba ya madirisha ya Qt, inayofikiwa kutoka Python kupitia PySide6 au PyQt6, inakuja na kutengua, menyu ya kulia, `setMaxLength`, na `setPlaceholderText`. Ukaguzi wake ndio unaoiacha Tkinter mbali: `QIntValidator(18, 60)` inajua hali tatu, yaani sahihi, kosa, na "bado anaandika". Ile 2 ya 25 inaruhusiwa kupita, na `returnPressed` haitoki mpaka thamani ikubalike. Shida iliyopo ni kwamba kitufe chako bado kinaweza kuita `text()` na kupokea hiyo 2 ya katikati, hivyo uliza kwanza `hasAcceptableInput()`. Bei yake ni upakuaji wa makumi ya megabaiti na zaidi, na leseni ya kusoma kwa makini: PyQt6 ni GPL (leseni huria inayodai nawe uufungue msimbo wa programu unayoisambaza) au ulipie, PySide6 inapatikana kwa LGPL, iliyo legevu zaidi.

Swing, maktaba ya madirisha ya Java, ina `getText()` ya kawaida, na kwa nywila ina `getPassword()` inayorudisha safu ya herufi unayoweza kuifuta baada ya kuitumia. Aliye ndani ya Java tayari hana sababu ya kuhama kwa ajili ya visanduku.

Kwa fomu ya visanduku vitano hadi kumi, inayotumiwa na mtu mmoja kwenye kompyuta ya zamani, `ttk.Entry` yenye ukaguzi wa mwisho ndani ya `hifadhi` inatosha na kubaki. Karani anayeingiza rekodi kutwa nzima anastahili Qt. Kukosa Ctrl+Z peke yake kutamchosha ndani ya juma.

Kuhusu kuipata: kwenye Windows, kisakinishi cha python.org huiweka chenyewe usipoondoa alama ya tcl/tk. Kwenye Linux mara nyingi hutengwa na Python: kwenye Ubuntu na Debian ni `sudo apt install python3-tk`, kwenye Fedora `python3-tkinter`. Jaribu kwa `python3 -m tkinter`, au `python -m tkinter` kwenye Windows. Dirisha dogo lenye namba ya toleo likitokea, uko tayari. Lisipotokea ingawa umesakinisha, angalia folda uliyomo: faili yako ya mazoezi uliyoipa jina `tkinter.py` ndiyo inayosomwa badala ya Tkinter yenyewe.